Ulimi wa Kengele ya Baba Yako

Mama Neema wangu,

Mwanao anakuja leo. Alinipigia simu akiwa stendi ya Dodoma, na sasa hivi huenda basi lake limeshapita Manyoni. Atashuka Misigiri, atachukua bodaboda, na kabla ng'ombe wa jirani hawajarudi zizini atakuwa ameingia kwa mlango huu ninaoutazama. Anakuja kuchukua kengele yako. Nami nina jambo ambalo lazima alisikie kabla hajaigusa, jambo ambalo wewe ulipaswa kulisikia kwanza na sikukwambia. Ndiyo maana naanza na wewe, ingawa umelala nyuma ya nyumba chini ya yale mawe na huwezi kunijibu. Kusema kweli, naanza na wewe kwa sababu huwezi kunijibu. Neema ataweza.

Barua hii siitii kwenye bahasha. Atakayeikuta mezani na aisome.

Moyo wangu umechoka. Daktari wa Kiomboi alinieleza kwa maneno ya kuzunguka, nikamwambia, "Mjukuu wangu, mimi nimetibu ng'ombe maisha yangu yote. Ng'ombe wa namna hii ningemwambia mwenyewe asipoteze dawa." Akacheka, halafu akaacha kucheka, akanishika mkono. Kwa hiyo sina nafasi ya kusema nitasema mwakani.

Wiki hii Neema alinisomea ujumbe wa Stoyan, mtoto wa kaka yako. Kuna mtu anataka kuinunua karakana ya baba yako kule mlimani, aibomoe, ajenge nyumba ya wageni wanaokuja kuteleza kwenye theluji. Baba yako aliwaachia karakana watoto wake wawili, kwa hiyo fungu lako sasa ni la Neema, na bila neno lake haliuziki hata tofali. Stoyan hataki kuuza. Anasema siku za mapumziko hupanda mlimani akafua kengele moja mbili, na angependa kurudi moja kwa moja. Anaomba jibu fupi tu: tuuze, ndiyo au hapana? Mwishoni akaongeza jambo ambalo Neema alilisoma harakaharaka kama tangazo. Kwamba ndani ya tanuri bado yamo madonge ya udongo aliyoyapanga babu kabla hajafa, na hakuna mtu aliyethubutu kuyavunja.

Wewe unajua maana ya hilo. Mimi pia najua. Neema hajui.

"Nimeshaamua, Baba," aliniambia. "Wauze. Wabomoe. Na kengele yao nitawarudishia, waiweke juu ya kaburi la huyo mzee."

"Huyo mzee ni babu yako."

"Babu gani? Babu aliyeukalia ulimi wa kengele mpaka akafa nao? Mama alimlilia mpaka sauti ikamkauka. Nilikuwepo, Baba. Wewe ndiye uliyekuwa unambembeleza."

Akadhani simu imekatika. "Baba? Unanisikia?"

"Usiwajibu kwanza. Njoo."

"Nakuja kuichukua tu. Jibu nimeliandika, bado kulituma."

Unaona jinsi kamba ilivyo fupi, Mama Neema.

Nakumbuka siku niliyokiona kijiji chenu mara ya kwanza. Nilikuwa mwanafunzi wa tiba ya mifugo ugenini, nchini kwenu, chuo kikanituma mlimani kwa mazoezi ya kondoo, na lori la maziwa likanishusha chini kwa sababu juu kulikuwa hakupitiki. Nikapanda kwa miguu. Nyumba zilikaa kwenye mteremko kama mbuzi wa kwetu juu ya majabali, moja kichwani mwa nyingine, mapaa yakiwa ya mawe bapa. Mimi mtoto wa Sekenke nilidhani najua mteremko ni nini! Nilifika kwenu nikihema, na wewe ukafungua mlango ukiwa na masizi usoni. Nikadhani ni kijana wa kazi. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Jioni zile baba yako alinipa historia ya kijiji kwa vipande, kama mtu anayegawa mkate. Alisema watu wake walitoka bondeni zamani za utawala wa Waturuki, wakapanda mpaka mahali ambapo farasi wa mtoza kodi alichoka. Huko juu hapakuwa na shamba la maana. Kilichokuwepo ni kuni, maji, manyoya na mawe, na mikono. Basi kila ukoo ukashika kazi yake. Ukoo wa chini, karibu na mto, walisuka mablanketi ya manyoya ya mbuzi na kuyapigisha maji ya mto mpaka yakawa mazito. Ukoo wa kati walifua masufuria ya shaba. Wachonga mbao walikaa pembeni na ugomvi wao wa milele na kila mtu. Na juu kabisa, ili kelele zao zisiwaamshe wengine, ukoo wenu, wafua kengele. Kila nyumba iliweka alama ya kazi yake juu ya mlango. Mtu hakuulizwa jina. Aliulizwa, "Unatoka chini ya mlango gani?"

Baba yako mwenyewe hakuitwa kwa jina. Kijiji kizima kilimwita Maistor, yaani fundi, kana kwamba mafundi wengine wote walikuwa wanajaribu tu. Alinifundisha kwamba wachungaji wa kule hawanunui kengele moja moja. Hununua sauti ya kundi zima, kubwa na ndogo zikipatana, na kundi likishuka kwenda malisho ya kusini wakati wa baridi, watu hukaa ndani wakasikiliza na kusema, "Hao wamevaa za Maistor." Kisha serikali ikayafanya makundi kuwa ya ushirika, kondoo wakafungiwa kwenye mabanda marefu. "Kondoo aliyefungiwa anahitaji kengele ya nini?" aliniuliza. "Apotee wapi?" Vijana wakashukia viwandani. Nami nilimweleza jinsi kwetu nako tulivyohamishwa kutoka kwenye mahame yetu tukapangwa kwenye mistari ya vijiji vipya. Akanisogezea kiti karibu na moto. Nadhani siku ile ndiyo alianza kunipenda, na ndiyo maana baadaye iliuma.

Halafu ile asubuhi ya udongo. Alikuwa amekunja kengele kutoka kwenye chuma bapa, akaweka ndani vipande vya shaba ya njano, na sasa anaifunika yote kwa udongo uliochanganywa na nyasi na samadi, iwe donge, iingie tanurini. Ndani ya donge shaba huyeyuka na kulamba chuma kila mahali, na hapo ndipo chuma hupata sauti. Aliona aibu kidogo kunionyesha mavi yale, mimi msomi niliyetoka mbali. Mimi nikakunja mikono ya shati, nikachukua mchanganyiko, nikaukanda.

"Umejifunzia wapi?" akauliza.

"Kwa bibi yangu. Kwetu nyumba tunazikandika kwa huu huu."

Alicheka kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Basi ninyi mnakaa ndani ya kengele!"

Wewe ulikuwa kwenye mivukuto. Kaka yako alishakimbilia kiwandani bondeni, na kijijini mwanamke hakufungwa ngozi ya ufundi kiunoni, kwa hiyo baba yako alikufundisha bila kusema kwamba anakufundisha. Alikuwa akigonga kengele, kisha anatazama dirishani. Wewe unasema, "Bado, ukingo wa kushoto." Anagonga ukingo wa kushoto. Mimi sikusikia tofauti hata siku moja. Yeye alisikia nusu yake. Wewe ulisikia yote. Kijiji kizima kilikuwa kimebakiwa na sikio moja, na mimi nikaja nikalichukua.

Na sheria ya madonge uliniambia wewe mwenyewe, tukiwa tumekaa juu ya ule ukuta wa mawe. Fundi akizeeka hupanga tanuri lake la mwisho, hulichoma, lakini havunji udongo. Anayeuvunja ndiye anayerithi nyundo.

Tuzungumze kuhusu vichwa, maana ndipo kosa langu lilipo.

Kwenu mtu akikubali hutikisa kichwa kushoto na kulia. Akikataa, hukiinamisha. Mwezi wa kwanza nilikula kuliko nilivyotaka na kulala njaa nilipotaka kula, kwa sababu mama yako aliuliza, "Nikuongezee?" nami nikajibu kwa kichwa cha kwetu Iramba. Siku nilipokuuliza kama utanikubali, ulitikisa kichwa, nami nikageuka kuondoka. Ukanikimbilia ukanivuta koti. "Mjinga wewe! Nimesema ndiyo!"

Tulipohamia huku, mchezo ukageuka. Ilongero, ile nyumba yetu ya kwanza ya serikali, wewe ndiye uliyekuwa unawachanganya watu. Mama muuza maziwa anauliza, "Nikuwekee lita moja, mama?" Unatikisa kichwa kwa furaha yote, naye anabeba ndoo yake anaenda. Ulikaa bila maziwa mpaka ukajifunza. Ukaanza kutumia kichwa cha hapa, mimi nikaendelea kutumia cha kwenu ninapozungumza na wewe, kwa mapenzi tu, na nikiwa na haraka natumia changu. Neema alipoanza kusema, swali lake kubwa likawa hilo. "Baba, twende sokoni?" Natikisa kichwa. "Hicho kichwa cha wapi?" Tulicheka. Likawa neno la nyumbani. Hata wageni walilizoea.

Turudi kwenye kengele. Baba yako hakutupa baraka. Alisema wazi mbele ya mama yako, "Bonde lilinichukulia mwana wa kiume kwa mkate. Huyu ananichukulia binti kwa maneno matamu." Lakini mila hakuivunja. Binti wa kwenu akiolewa nje ya mlima hupewa kengele, na ulimi wake hubaki umetundikwa ukutani kwa baba. Akirudi kusalimia, baba anautia ulimi, kengele inalia langoni, kijiji kinajua kwamba binti ana kwao. Baba mwenye hasira huuacha ukutani. Na baba anayetaka binti arudi, lakini hawezi kumfuata, huutuma. Basi. Haandiki neno. Ulimi ukifika ni kwamba baba amesema: njoo, mlango uko wazi.

Ulikuja nayo mapajani safari nzima, kengele bubu, kubwa kama kibuyu. Ukaitundika kwenye msumari wa mlangoni. Watu wa Ilongero waliniuliza kwa nini daktari wa ng'ombe ana kengele isiyolia. Nilisema ni pambo.

Tulikuwa na miaka mizuri. Siipunguzi hiyo kwa sababu ya haya. Ulilima alizeti ukaniaibisha, mimi mtoto wa mkulima. Ulipita minadani Mtinko ukigonga kengele za ng'ombe kwa kucha, na wafugaji wakajua kwamba yule mama mzungu akisema "hii imekufa," imekufa. Mama yangu, aliyekupokea kwa mdomo umebanwa, alikuja kuniambia, "Usimpeleke popote huyu." Alisema kwa utani. Mimi niliyabeba maneno yale vibaya.

Kisha tukampoteza mtoto wa pili. Hapo nyumba iliingia ubaridi. Hukulia mbele yangu. Ulikuwa unasimama mlangoni ukishika kengele kwa mkono mmoja, hivi, kana kwamba unaizuia isilie, na siku moja ukasema bila kugeuka, "Ningemwona baba yangu mara moja tu. Ningemchukua Neema tukaenda." Nikauliza mngerudi lini. Ulichelewa kujibu. Kuchelewa kule ndiko kulikonitia hofu. Nilianza kuhesabu mashati yako kwenye kamba nikirudi kazini, kuona kama yapo.

Ni katika siku zile nilipoitwa posta mjini Singida kuchukua kifurushi. Kidogo, kizito, stempu za kwenu. Nilikifungulia ndani ya gari la ofisi, pale pale nje. Manyoya ya kondoo, na ndani ya manyoya kipande cha chuma chenye kitanzi juu na kichwa cha mviringo chini. Hapakuwa na maandishi. Nilijua kabla kidole changu hakijakigusa.

Mama Neema, niliwasha gari nikazima. Nikawasha tena. Njia nzima mpaka Ilongero nilijiambia nitakupa. Nilipopita majabali nilikuwa bado nitakupa. Nilipoingia uani nikakuona umekaa na ungo wa mtama, Neema amelala mgongoni mwako ijapokuwa alishakuwa mkubwa mno kwa kubebwa, na nikaona ua ule bila ninyi wawili. Niliingia moja kwa moja stoo. Nikautia ulimi ndani ya sanduku langu la kazi, kati ya koleo la kuhasia na vyuma vya kukatia pembe. Chuma kati ya vyuma. Sanduku hilo wewe hukuligusa kamwe, ulisema linanuka woga wa ng'ombe.

Nilipotoka ukauliza, "Posta kuna chochote kutoka kwetu?"

Nikatikisa kichwa.

Hilo ndilo ninaloungama. Siyo kuficha peke yake. Mtu mwenye hofu huficha. Ni kwamba nilichagua kichwa. Nilijua wewe, ulivyochoka, utakisoma kwa kichwa cha Iramba, hapana. Na mimi nikajiambia moyoni kwamba nimejibu kwa kichwa cha kwenu, ndiyo, kwa hiyo sikusema uongo. Nilisomeshwa na nchi mbili, na elimu yote ile niliitumia kutafuta uongo ambao hauna maneno. Nikangoja uulize, "Hicho kichwa cha wapi?" Naapa, ungeuliza ningesema. Ulipepeta mtama. Upepo wa Singida ulikuwa mkali siku ile, makapi yakanijaa usoni, na nikafurahi kupata sababu ya kufuta macho.

Nilipanga kukupa baada ya mavuno. Mavuno hayajaingia ikaja simu ya maandishi kwamba Maistor amefariki. Ulikaa sakafuni. "Amekufa na ulimi wake," ulisema. "Hakunisamehe." Nami nilikaa sakafuni karibu yako, nikakushika mabega, nikakwambia kwamba wazee wengine ni wagumu. Nilisema hivyo! Neema alikuwa amesimama mlangoni na sare zake za shule, na kila neno langu lilimwingia. Chuki aliyonayo leo kwa babu yake siyo wewe uliyempa. Nilimpa mimi, pale sakafuni, kwa sauti ya upole.

Baada ya hapo ningekupa kwa maneno gani? Kila mwaka ulioongezeka uliongeza kosa. Nilistaafu, tukahamia hapa juu ya mteremko, sanduku likaja chini ya kitanda chetu. Tulilala juu yake. Ulipougua ugonjwa wa mwisho ulisema tusikuzike na kengele. "Kengele bubu haizikwi. Mpeni Neema, labda yeye atapata pa kuipeleka." Nilikuwa nimekushika mkono. Mdomo wangu ulifunguka, nawe ukanitazama, ukingoja kitu. Nikasema, "Pumzika." Sijui mpaka leo ulikuwa unangoja nini.

Sasa nimejua kutoka kwa Stoyan kwamba Maistor hakutuma ulimi kwa kukumbuka tu. Alikuwa amelipanga tanuri lake la mwisho. Alikuwa anakuita uje uvunje udongo. Alikiuka mila ya ukoo wake wote na kumwita mwanamke, na alikufa akidhani mwanamke huyo amekataa. Niliwafanya baba na binti yake wafe kila mmoja akiamini kwamba mwenzake ndiye aliyenyamaza.

Kabla sijakaa hapa mezani nililivuta sanduku. Ulimi haukushika kutu, manyoya yaliutunza. Nilikata ukanda kwenye mkoba wangu wa zamani wa ngozi, nikaupitisha kwenye kitanzi. Kuitoa kengele msumarini kuliniweka chini mara mbili nikipumua. Mikono yangu, ambayo iliwahi kugeuza ndama tumboni mwa mama yake, leo ilishindwa kufunga fundo. Nikalivuta kwa meno. Nilipoitundika tena niliishika kwa kiganja kama ulivyokuwa unaishika, isilie. Nimeisogeza karibu na ukingo wa juu wa mlango. Akifungua mlango, utaigonga.

Nilifikiri kumwachia barua tu asome nikishakufa. Mwoga hupenda barua. Lakini jibu lake lipo ndani ya simu, limeandikwa, na kidole kimoja kitalituma.

Nasikia bodaboda inapanda. Inabadilisha gia pale kwenye kona ya mkuyu. Naweka kalamu chini.

*

Ni asubuhi. Utanisamehe mwandiko.

Alisukuma mlango na mkoba begani, ameshaanza kusema, "Shikamoo Ba..." na kengele ikalia.

Mama Neema, sikuwahi kuisikia. Miaka yote hiyo chini ya paa langu, na sikuwahi kujua sauti yake. Si kali. Ni nene, inaanza chini halafu inapanda yenyewe, na haiishi pale unapodhani itaishia. Neema alisimama chini yake bila kusogea mpaka ilipokwisha. Kisha akainua mkono akaingiza vidole ndani, akaugusa ulimi.

"Umetoka wapi huu?"

Nikamwambia. Nilianzia posta, nikafika kwenye ungo, nikafika sakafuni. Hakukaa. Hakuuvua mkoba. Nilipomaliza aliniuliza madonge ya udongo ni nini, nikamweleza na hilo. Chai niliyokuwa nimemtengea ilishapoa.

Akauliza kwa sauti ndogo, "Mama alijua?"

Nikatikisa kichwa.

Hata pale. Mwili umezoea. Na mwanao, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, akanitazama kama alipokuwa mdogo na akasema, lakini bila kucheka, "Hicho kichwa cha wapi, Baba?"

"Cha Iramba," nikasema. "Hapana. Mama yako hakujua."

Alitoa simu, akafuta alichoandika. Niliona kidole kikifuta. Hakuandika kingine badala yake, si mbele yangu. Nilimwambia naomba msamaha. Akasema, "Sijui, Baba. Usiniulize leo." Akaitungua kengele, akatoka nayo kwa mlango wa nyuma.

Wewe unajua kilichofuata kuliko mimi, maana alikuja kwako. Mimi niliisikia nikiwa kitandani. Aligonga mara moja, akangoja iishe yote. Kisha akagonga tena, taratibu, kana kwamba anatafuta ukingo wenye kasoro. Ng'ombe wa jirani waliokuwa wanapanda mteremko walisimama.

Leo asubuhi amenipa uji, na hajasema zaidi ya "kunywa." Kengele iko naye chumbani. Kupitia ukutani nimemsikia akizungumza na Stoyan kwa Kiingereza. Nilisikia akiuliza kama theluji itakuwa imekwisha mwezi wa nne, na kama udongo ule unavunjwa kwa nyundo ya aina gani.

Nakuja karibuni, Mama Neema. Nikifika huko nawe una swali lolote, niulize kwa maneno. Nitajibu kwa maneno. Msalimie Maistor, umwambie ulimi umefika.

Mume wako,
Baba Neema